Mwanao Mtu Mzima Akikamatwa kwa Kuiba Dukani: Mwongozo kwa Mzazi

Mtoto mdogo akidokoa kitu dukani, mzazi hahitaji mwongozo. Atamshika mkono, atamrudisha kwa mwenye duka, kitu kitarejeshwa, radhi itaombwa, mambo yataishia hapo. Huyu wa sasa ana miaka 27, au 34, au 50. Ana funguo zake, ana kazi au anaitafuta, pengine naye ni mzazi. Kwenye karatasi za polisi jina lako halimo popote, na ofisa aliye zamu hana wajibu wa kukueleza lolote. Lakini simu imepigwa kwako.

Yanayofuata nimeyapanga kwa mtiririko ambao mambo huja nao mara nyingi. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo pale nitakaposema "kwa kawaida", thibitisha na wakili wa huko uliko. Kote huko kesi ni ya mwanao. Msaada wenye manufaa ni ule unaoiacha kesi mikononi mwake nawe ukiwa karibu, na madhara mengi ambayo wazazi huyaleta bila kukusudia huanzia pale wanapoibeba wao.

1. Kwenye simu, uliza machache

Uko wapi? Hujaumia? Wamekuambia watakuachia au watakupeleka mahakamani lini? Kuna dawa unazotumia ambazo huna hapo? Hayo yanatosha. Andika majibu, pamoja na jina la kituo, jina la ofisa, namba ya jalada kama ipo, na kosa analotuhumiwa kwa maneno yale yale waliyoyatumia wao. Usitegemee kukumbuka. Usiku wa namna hii kichwa hakishiki kitu.

Swali la kulimeza ni lile linalowasha ulimi: "Ni kweli umeiba?" Katika nchi nyingi simu za mahabusu hurekodiwa. Hata zisiporekodiwa, mazungumzo yenu hayana kinga waliyonayo mteja na wakili wake. Nchi kadhaa humlinda mume asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi ya mkewe, na mke dhidi ya mumewe. Mzazi na mtoto, sehemu nyingi, hawana ulinzi huo. Akikukiria leo, kesho unaweza kuitwa kama shahidi uulizwe alikuambia nini, ukiwa umekwisha kuapa kusema kweli. Kwa siku hizi za mwanzo, kutojua kwako kunamkinga yeye na wewe.

Mwambie hivi: "Mwanangu, nimekusikia. Usinisimulie kilichotokea kwenye simu. Wape jina lako na anwani yako. Wakikuuliza mengine, waambie kwa upole kwamba unamsubiri wakili." Wazazi wengine huona haya kutoa ushauri huo, kana kwamba wanamfundisha mtoto ujanja wa wahalifu. Si hivyo. Haki ya kutolazimishwa kujishuhudia mwenyewe imo katika kifungu cha 14 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, kifungu hicho hicho kinachosema mtuhumiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe kisheria kwamba anayo. Na aliyekamatwa na kitu kidogo ndiye hasa anayeihitaji, kwa sababu aibu humfanya aseme mno: anaomba msamaha, analia, anakiri hata ya mwezi uliopita ambayo hakuna aliyeyajua.

Kama yuko nchi ya ugenini, kuna jambo la ziada. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi, kifungu cha 36, unampa raia wa kigeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Ubalozi hautamtoa ndani, ila unaweza kumtembelea na kumpa orodha ya mawakili.

Kabla hujatuma pesa yoyote, hakikisha amekamatwa kweli. Utapeli wa simu ya "mwanao yuko kituoni, tuma haraka tummalize hapa hapa" umeenea duniani kote, na siku hizi sauti yenyewe inaweza kuigwa na kompyuta. Kata simu. Tafuta mwenyewe namba ya kituo kilichotajwa, upige, uulize kama yupo. Ofisa wa kweli hatakukasirikia kwa kuhakikisha, na anayekuambia usimwambie mtu mwingine yeyote ameshajitambulisha ni nani.

2. Kituoni, na mambo manne ya kujizuia

Si lazima uende. Kama wakili anaweza kwenda, mara nyingi yeye ana faida kuliko wewe. Ukienda, peleka dawa zikiwa kwenye vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari, kitambulisho chake na chako, na nguo ya kujifunika. Taja magonjwa yake kwa ofisa wa zamu, kwa sauti ya kawaida, na uombe yaandikwe. Hapo ndipo mzazi ana nguvu ya kweli: anajua pumu ya mwanawe, kifafa chake, dawa ambazo hazikatishwi ghafla.

Kisha jizuie.

Usitoe hongo, hata ukidokezwa kwamba ndivyo mambo yanavyokwenda. Utakuwa umeongeza kosa la pili, na hilo ni lako.

Usimfuate mwenye duka au mlinzi aliyemkamata ili "myamalize". Moyo unaokutuma huko naujua, na desturi ya kupatana ni nzuri. Lakini watu hao sasa ni mashahidi, na mzazi anayewafuata kazini na bahasha anaweza kuonekana anaharibu ushahidi. Zaidi ya hapo, kesi ikishafika kwa polisi, kwa kawaida uamuzi wa kuendelea nayo huwa wa mwendesha mashtaka. Mwenye duka anaweza kukusamehe na kesi ikaendelea vile vile. Kama kuna nafasi ya kulipa fidia au kuomba radhi, ipitie kwa wakili, ambapo hesabu yake itaandikwa na kumsaidia mwanao mbele ya hakimu.

Usisafishe chumba chake. Hili huwanasa akina mama na baba wenye nia njema kabisa. Umefika nyumbani, umefungua kabati, umekuta nguo mpya zenye lebo, manukato matatu ambayo hayajafunguliwa. Mkono unataka kutupa, kugawa, kurudisha kimyakimya. Acha kama ulivyokuta, funga mlango, mwambie wakili. Kuficha au kuharibu ushahidi ni kosa la jinai karibu kila mahali, na usitegemee kwamba sheria itakusamehe kwa kuwa ulilifanya kwa upendo.

Usiandike mtandaoni. Wala kwenye kundi la ukoo. Ujumbe unaosema "tuombeane, mwanangu amepitiwa na shetani" umekwisha kukiri kwa niaba yake.

3. Mtafutieni wakili, ukikumbuka mteja ni nani

Unaweza kumlipa wewe, ukamchagua wewe, ukampigia wewe simu ya kwanza. Mteja bado ni mwanao. Wakili mwadilifu hatakuambia siri za kesi mpaka mwanao aruhusu, na hatapokea maagizo yako yanapopingana na ya mteja wake. Wazazi huudhika sana hapa ("nimetoa pesa halafu nafichwa!"). Ichukulie kama dalili kwamba umempata wakili wa maana. Kama pesa hamna, ulizeni habari ya wakili wa serikali au msaada wa kisheria. Nchi nyingi zina mpango fulani, ingawa si kila kosa dogo huingia humo.

Maswali yafuatayo ayaulize mwanao mwenyewe, nawe ukiwepo tu akitaka:

- Kwa mtu asiye na rekodi, kuna njia ya kuiondoa kesi mahakamani, kama mafunzo, huduma kwa jamii, au onyo la maandishi?
- Nikikiri kosa, rekodi itabaki muda gani, na inaweza kufutwa?
- Kosa hili litaathiri vipi leseni yangu ya kazi, masomo, au kibali cha kuishi hapa?
- Nifanye nini kabla ya siku ya kesi ambacho hakimu anaweza kukizingatia?

Swali la tatu ndilo husahaulika. Mwanao anaweza kuambiwa na mtu fulani koridoni, "Kiri tu, ulipe faini, yaishe leo." Kwa raia huenda yakaisha hivyo. Kwa mhamiaji, wizi mdogo unaweza kuwa mlango wa kufukuzwa nchini. Marekani suala hili lilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri kosa. Hata pasipo uhamiaji, kuna fani ambazo hatia ya kukosa uaminifu hufunga milango yake: benki, uuguzi, ualimu, ulinzi. Haraka ya kumaliza aibu leo isinunuliwe kwa kazi ya miaka 20.

4. Dhamana na pesa nyinginezo

Amua kiasi ukiwa peke yako na mwenzi wako, mlango umefungwa, kabla mtu hajalia mbele yenu. Swali la kujiuliza: pesa hii ikipotea yote, tutaweza kulipa kodi ya nyumba na ada? Kumdhamini mtu ni kuahidi kwamba atafika mahakamani, na asipofika, pesa au mali uliyoweka iko hatarini. Kama mwanao ana historia ya kutoweka, au anatumia dawa za kulevya kiasi cha kutojua leo ni siku gani, una haki ya kukataa udhamini. Kukataa dhamana na kumkana mtoto ni mambo mawili. Unaweza kusema: "Sitaweka dhamana. Nitakuwepo mahakamani, na ukitoka nitakupeleka kwa daktari." Habari njema ni kwamba kwa wizi mdogo wa mara ya kwanza, sehemu nyingi humwachia mtu kwa ahadi ya kufika, pasipo fedha nyingi.

Kama mlikuwa na mgawanyiko nyumbani kabla ya hili, utapanuka sasa. Baba anasema akae ndani ajifunze. Mama anauza dhahabu zake kwa siri. Mambo ya siri ndiyo yanayovunja, kuliko pesa yenyewe. Mkishindwa kukubaliana, wekeni kikomo kidogo ambacho wote mnakivumilia, na yeyote asiongeze bila mwenzake kujua.

Ukitoa, jiambie mwenyewe kama ni mkopo au ni zawadi. Mkopo uandikwe, hata kwenye kipande cha karatasi, na marejesho madogo ya kila mwezi. Zawadi isije ikageuka fimbo ya kumchapia kila sikukuu. Mimi ningependelea mkopo. Mtu mzima anayelipa deni lake hurudisha heshima yake kidogo kidogo, na anajua kwamba kuiba kulikuwa na gharama ambayo haikuishia kwa mama.

Barua ya madai pia inaweza kuja. Marekani, Kanada na Uingereza, duka au wakala wake humwandikia aliyekamatwa akitaka alipe kiasi fulani kufidia usumbufu, hata kama bidhaa ilirudishwa ikiwa nzima. Hayo ni madai ya kiraia, mbali na kesi ya jinai. Kuyalipa hakufuti mashtaka, na kutoyalipa si kosa la jinai. Barua ikifika, mwanao aipeleke kwa wakili kabla yeyote kati yenu hajatoa pesa kwa hofu ya maneno makali yaliyomo.

5. Usiku anaporudi

Usiku huo hakuna kikao. Aoge, alale. Mnaweza kukaa sebuleni bila neno.

Hofu ya kwanza iwe juu ya uhai wake. Aibu ya kukamatwa, hasa kwa mtu aliyekuwa akisifiwa, inaweza kumfikisha pabaya kwa haraka. Akisema maneno kama "bora nisingezaliwa", akigawa vitu vyake, akijifungia, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, wanaofanya kazi na watu walio katika hatari hiyo huuliza hivyo hivyo, na mara nyingi aliyeulizwa hupumua kwa kupata wa kumwambia. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vitu hatari karibu, na mtafute daktari au mpelekeni hospitali usiku huo huo. Kesi itasubiri.

Siku mbili tatu baadaye, kama atakubali, zungumzeni. Kaa chini, redio imezimwa, na anza na lililo lako: "Nilipopata ile simu niliogopa. Nina hasira pia, sitakuficha. Lakini sijaja kukuhukumu. Sihitaji kujua ulichukua nini. Nataka kujua unaishije siku hizi." Maneno hayo ya mwisho hufungua mlango ambao "kwa nini umetuaibisha?" huufunga. Mtu mzima akiulizwa kwa nini, hujitetea. Akiulizwa maisha yanakwendaje, huenda akaanza na deni usilolijua, kazi aliyofukuzwa miezi mitatu iliyopita, mwenzi aliyeondoka, usingizi uliokatika.

Zipo sentensi zinazoponyoka mdomoni na ambazo hazifutiki. "Ukoo wetu hatujawahi kuwa na mwizi." "Ndugu yako mbona hajawahi?" "Baada ya yote niliyokufanyia!" Kila moja inamhamisha kutoka kwenye tendo lake hadi kwenye maumivu yako, na akifika huko atashughulika kukubembeleza au kukukimbia, wala hatashughulika na lile alilolifanya. Vilevile usimpunguzie: "Kitu chenyewe kilikuwa kidogo, hao wenye maduka ni matajiri." Ukisema hivyo umemwambia kwamba tatizo lilikuwa kukamatwa.

Kunyamaza kwake nako ukukubali. Anaweza kukataa kuzungumza wiki nzima. Usimfuate bafuni na maswali.

6. Kutafuta chanzo bila kujifanya daktari

Watu huiba dukani kwa sababu nyingi zisizofanana, na dawa ya moja haitibu nyingine. Yupo aliyeishiwa kweli. Yupo anayeuza anachoiba ili anunue dawa za kulevya au acheze kamari. Yupo aliyeingia na marafiki akaona ni mchezo, na yupo mwenye hasira na maisha anayeona kama anadai haki yake. Yupo pia ambaye pesa iko mfukoni, kitu hakihitaji, na hajui kwa nini mkono umekwenda.

Huyo wa mwisho ndiye anayewafanya wazazi waseme haraka, "Ni ugonjwa." Kleptomania ipo, madaktari wameiandika tangu karne ya 19. Mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo lake la 5 la mwaka 2013, unaeleza alama zake: mtu hushindwa mara kwa mara kuzuia msukumo wa kuiba vitu asivyovihitaji wala asivyokusudia kuviuza, anahisi mvutano unaopanda kabla ya tendo na raha au nafuu wakati wa kulitenda, na haibi kwa hasira, kulipiza kisasi, au kwa sababu ya kuona na kusikia yasiyokuwepo. Mwongozo huo huo unakadiria kwamba kati ya wanaokamatwa kwa wizi wa dukani, wenye tatizo hili ni asilimia 4 hadi 24, na kwamba katika jamii nzima hawafiki hata 1 kwa kila 100. Kwa maneno mengine, inawezekana mwanao anayo, lakini uwezekano mkubwa ni kwamba hana.

Akiwa nayo, inatibika kwa kiasi: tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia hutumika, na dawa ya naltreksoni imejaribiwa na kuonekana kupunguza msukumo kwa baadhi ya wagonjwa. Yanayofanana nayo ni mengi: sonona, awamu ya juu ya ugonjwa wa hisia mbili (mtu anapochangamka kupita kiasi), maradhi ya bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha), ambayo huambatana na udokozi mara nyingi kuliko familia zinavyodhani.

Umri nao uangalie. Mtu aliyeishi kwa uaminifu hadi miaka 50, kisha ghafla anachukua vitu dukani mbele ya watu bila hata kujificha, apelekwe kwa daktari wa ubongo. Kuna aina ya kupoteza akili inayoshambulia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, ambayo mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, na dalili zake za mwanzo huwa tabia badala ya usahaulifu: kukosa haya, kukosa huruma, kuchukua vya watu. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson pia zimewaletea wagonjwa tamaa wasizoweza kuzizuia. Mjulishe daktari kila dawa anayotumia.

Miadi ya daktari aiweke mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe. Ukiweka wewe, atakwenda mara moja kukuridhisha. Na ripoti ya daktari isipelekwe mahakamani bila wakili kuisoma kwanza. Maneno "ana ugonjwa wa kuiba" yanaweza kumpunguzia adhabu leo na kumfuata kazini kesho.

7. Ndugu, majirani, na wajukuu

Methali zitaletwa mlangoni kwako. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." "Samaki mkunje angali mbichi." Wanaozisema wamekuja na jibu, hawahitaji maelezo yako. Tayarisha sentensi moja na uirudie kama kasuku: "Ni jambo la kisheria, linashughulikiwa, asante kwa kuuliza." Ukiongeza ya pili, umefungua baraza.

Habari hii ni mali ya mwanao. Muulize nani ajue na nani asijue, na uheshimu jibu, ukimweleza kwamba na wewe unahitaji walau mtu mmoja wa kumwagia moyo. Mchague huyo kwa kigezo kimoja, kufunga mdomo. Mwambie unavyojisikia, na ukiri wowote uliosikia ubaki kwako, kwa sababu zile zile za hatua ya kwanza.

Ndugu zake wa tumbo moja wasisahauliwe. Mara nyingi aliye mwema ndiye anayeumia kimya: anaona nyumba nzima imesimama kwa ajili ya aliyekosa, na ada yake imecheleweshwa. Mpe muda wake.

Kama mwanao ana watoto, waelezwe ukweli unaolingana na umri wao, na mzazi wao akiwepo ikiwezekana. "Baba anatuhumiwa kuchukua kitu bila kulipa. Watu wazima wanalishughulikia. Wewe hujakosa chochote." Uongo wa "amesafiri" hudumu mpaka mtoto wa jirani atakapousahihisha.

8. Mahakamani

Tarehe aiandike yeye, kengele aitegeshe yeye. Unaweza kumkumbusha mara moja usiku wa kuamkia. Kukosa kufika huzaa hati ya kukamatwa, na kesi ndogo hugeuka kubwa kwa uzembe huo tu.

Nenda kama anataka uwepo. Vaa kwa heshima, zima simu, kaa nyuma, usitikise kichwa mashahidi wanapozungumza, usimpungie mkono hakimu. Mlinzi wa duka ukimkuta kwenye benchi la nje, salamu inatosha. Tarajia kuahirishwa, kufunga safari ya siku nzima kwa dakika tatu za "itatajwa tena tarehe fulani" ni jambo la kawaida, basi usiombe ruhusa zote za kazini mwezi wa kwanza.

Wakili akiomba barua ya tabia kutoka kwako, andika fupi na ya kweli. Eleza unachokijua kwa macho: anamtunza nani, amefanya kazi wapi, ameanza matibabu lini. Usiandike kwamba "hawezi kufanya kitu kama hicho", hasa kama tayari amekiri.

9. Wewe

Utarudi nyuma miaka 20 kutafuta ulipokosea. Utakuta mahali, kwa sababu kila mzazi anapo. Lakini mtu mzima alisimama dukani na akaamua, au akashindwa kujizuia, na wewe hukuwepo. Al-Anon, mtandao wa ndugu za walevi ulioanza mwaka 1951, huwafundisha wanachama wake kwamba hawakusababisha ulevi wa mpendwa wao, hawawezi kuudhibiti, na hawawezi kuuponya. Nadhani inamfaa hata mzazi wa aliyeiba, ingawa siku ya kwanza utaisikia kama tusi.

Kula, lala, nenda kazini. Usiache matibabu yako ya presha kwa sababu ya kesi isiyo yako. Kama machozi hayakatiki baada ya wiki kadhaa, mtafute mshauri nasaha kwa ajili yako mwenyewe.

10. Masharti ya nyumbani, na ikitokea tena

Kama anaishi kwako, wekeni masharti machache ambayo kweli utayasimamia. Kitu kisichojulikana kilikotoka hakiingii ndani. Anachangia gharama kwa kadiri anavyopata. Matibabu au mafunzo aliyoagizwa anayafuata. Kisha mwache aishi. Kupekua mkoba wake kila jioni kutakuchosha, na kutamfundisha kuficha vizuri zaidi. Vitu vyako vya thamani vifungie kimya, bila hotuba.

Kurudia kosa hutokea, hasa pale chanzo ni dawa za kulevya, kamari au msukumo ambao haujatibiwa. Jibu la mara ya pili lipangwe sasa, akiwa ametulia, na aambiwe uso kwa uso: "Ukikamatwa tena nitapokea simu yako. Nitampigia wakili. Dhamana sitaweka, na utatafuta pa kuishi mpaka uanze matibabu. Nitakutembelea popote utakapokuwa." Andika ulichosema, pamoja na tarehe, na mwenzi wako akisome. Simu ikiingia tena usiku wa manane, fungua karatasi hiyo kabla hujajibu lolote zaidi ya "uko wapi?"